Matairi ya magari ya watalii huisha ofisini kabla ya kuisha barabarani

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza kukatika, biashara ya matairi na shokapu mjini Arusha hupata uhai mpya. Magari ya watalii yaliyolala uani tangu Aprili hurudishwa gereji ili yawe tayari ifikapo Juni, na maduka ya spea hujaa madereva wenye orodha mikononi. Mwenye gari huipokea orodha hiyo, hushtuka, hukata hiki na kile, na mwisho hubaki na swali lile lile la kila mwaka: anunue matairi mapya, au afunge shokapu za gharama kubwa ambazo muuzaji anaapa kwamba zitayafanya matairi yadumu?

Swali hilo huanzia mahali pasipo pake. Tairi haliliwi na barabara peke yake, wala shokapu haifi kwa sababu tu ni ya bei ya chini. Sehemu kubwa ya uchakavu huamuliwa na watu wasioshika usukani: anayepanga ratiba ya safari, anayekubali abiria wa saba na masanduku yake, na anayekataa kununua geji ya upepo kwa kuwa haionekani kwenye picha za matangazo. Mwenye gari anayefunga shokapu mpya bila kugusa mambo hayo amebadilisha tu mahali pesa yake inapopotelea.

SOKO LINALOFUATA DOLA

Jambo hili ni zito zaidi sasa kuliko zamani. Arusha ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama katika nusu ya pili ya miaka ya 2000. Nairobi nako, kampuni ya Sameer, iliyorithi kiwanda cha Firestone, iliacha kutengeneza matairi mjini humo mwaka 2016. Kwa hiyo tairi linalofungwa leo kwenye gari la mtalii kwa kawaida ni tairi lililovuka bahari. Bei yake hufuata dola, nauli ya meli na ushuru wa bandarini, na shilingi inapoteleza mnunuzi wa Arusha ndiye wa kwanza kuumia.

Wakati huo huo kazi imeongezeka. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa kiasi cha milioni 1.5 mwaka 2019, wakaporomoka hadi karibu 620,000 mwaka 2020 kutokana na UVIKO-19, kisha wakavuka milioni 2.1 mwaka 2024. Wateja wengi maana yake ni kilomita nyingi, na kila kilomita hubandua mpira kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Kampuni yenye magari kumi isiyojua kila kilomita inaigharimu nini kwa upande wa matairi inafanya biashara kwa kubahatisha.

TAIRI NI DAFTARI

Kabla ya kufungua pochi, mwenye gari anapaswa kuyasoma matairi ya zamani. Tairi lililochakaa ni sawa na daftari la hesabu: limeandika kila kosa lililofanywa juu yake, na halisemi uongo.

Tairi lililoliwa kingo zote mbili na kubaki nene katikati limetembea na upepo mdogo au mzigo uliozidi. Lililoliwa katikati na kubaki na kingo nzima lilijazwa upepo kupita kiasi. Lililoliwa upande mmoja tu linadai alaimenti, au bushi na bolijointi zimelegea. Lile ambalo kiganja kikipita juu yake kinahisi kashata laini kwenda na kali kurudi, kama meno ya msumeno, linasema kwamba magurudumu ya mbele hayatazami njia moja. La tano ni lile lenye mabonde-mabonde, likipanda na kushuka kuzunguka tairi zima. Hilo ndilo linaloishitaki shokapu, ingawa hata hapo balansi mbovu na beringi iliyolegea huweza kuwa washirika wa kosa.

Katika magonjwa hayo matano, ni moja tu linaloielekea shokapu moja kwa moja. Hata hivyo, dukani mara nyingi dawa inayopendekezwa ni ile ile moja, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa kwa muuzaji. Mwenye gari aliyeliwa matairi upande wa ndani, akauziwa shokapu nne za bei mbaya, atarudi baada ya miezi michache akiwa na matairi yaliyoliwa upande ule ule wa ndani. Atalaumu shokapu, atalaumu tairi, atalaumu barabara. Kipimo cha alaimenti, ambacho gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya tairi moja, hakitakuwa kimefanyika.

SHOKAPU HAIBEBI MZIGO

Kuna dhana iliyoenea kwamba shokapu nene, au shokomzoba kama wengine wanavyoiita, hulisaidia gari kubeba mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya gurudumu kupita kwenye shimo, ili tairi lirudi chini upesi na kushika barabara. Hufanya hivyo kwa kuisukuma oili ipite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto.

Hilo joto ndilo kiini cha habari kwa magari ya Arusha. Kutoka mjini hadi lango la Ngorongoro gari hutembea juu ya lami, kwani kipande cha Makuyuni hadi langoni kilijengwa kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya kuzunguka ukingo wa kreta na kuteremka kuelekea Serengeti huja barabara ya changarawe yenye vimigongo kama vya bati. Kila kimigongo ni pigo moja kwa shokapu, na mapigo hayo ni maelfu kwa maelfu kabla gari halijafika Seronera. Oili huchemka, huchanganyika na hewa na kutoa povu, na povu halizuii chochote. Kuanzia hapo springi hucheza itakavyo, tairi hudunda badala ya kuviringika, na kila linapogusa chini hukwaruzwa.

Hapa ndipo penye ukweli katika maneno ya muuzaji. Shokapu iliyojazwa gesi ya naitrojeni hutoa povu kidogo, na yenye mwili mnene huwa na oili nyingi inayochukua muda mrefu kupata joto. Kwa njia kama ya Serengeti, shokapu za namna hiyo, ziwe za KYB, Monroe, Bilstein, Koni au Old Man Emu, si anasa. Lakini zina masharti. Urefu wake lazima ulingane na springi za gari. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu likafungwa shokapu fupi litazing'oa kwenye vishikio vyake. Bushi zake lazima ziwe nzima. Na lazima ziwe halisi, kwa kuwa boksi lenye jina maarufu si ushahidi wa kilichomo ndani. Tume ya Ushindani ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia, lakini mnunuzi asiyedai risiti na dhamana ya maandishi amejinyima silaha yake ya kwanza.

Kipimo rahisi kipo na hakihitaji mashine. Gari likisimama baada ya kipande kibovu, dereva hupeleka mkono karibu na kila shokapu kwa uangalifu bila kuishika kwa nguvu. Shokapu inayofanya kazi huwa ya moto. Ile iliyo baridi wakati wenzake wanaungua haijafanya kazi yoyote siku hiyo. Hiyo ndiyo ya kubadilishwa, pamoja na mwenzake wa upande wa pili katika ekseli ile ile.

UZITO AMBAO HAKUNA AUPIMAYE

Gari lililozoeleka kwa kazi hii ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Kiwandani hutoka gari la kazi. Karakana za Nairobi na Arusha hurefusha chasisi yake, hufunga paa linaloinuka, viti saba vya abiria, jokofu na rafu. Ni kazi ya ustadi na imewapa mafundi wengi ajira. Lakini chuma kilichoongezwa kina uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo huangukia ekseli ya nyuma.

Hesabu yake ni fupi. Abiria saba wa kilo 75 ni kilo 525. Mizigo yao kwa kilo 15 kila mmoja ni 105. Dereva ni 75. Dizeli lita 180 ni kilo 150 hivi. Matairi mawili ya akiba na ringi zake ni kama 75. Maji na vyakula ni 40. Jumla ni kilo 970, yaani karibu tani moja, kabla ya kuhesabu paa, viti na chuma cha chasisi. Mwenye gari aliyewahi kulipitisha gari lake kwenye mizani likiwa limejaa namna hiyo ni adimu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inahusu magari ya kilo 3,500 na kuendelea, na gari la watalii kwa kawaida halipiti kwenye mizani ya barabarani.

Huku nyuma, tairi nalo lina kikomo chake, na kimeandikwa ubavuni. Tairi la ukubwa wa 265/75R16 linaweza kuwa na namba 116, maana yake kilo 1,250, au namba 123, maana yake kilo 1,550. Kwa macho ni matairi yale yale, na kwenye ringi yanakaa sawasawa. La kwanza limetengenezwa kwa gari la familia, la pili kwa gari la mzigo. Tofauti ni kilo 300 kwa kila gurudumu. Mnunuzi anayeuliza ukubwa na bei tu, bila kuuliza namba hiyo, anaweza kuwafungia wageni wake tairi ambalo si la kazi hiyo.

Dunia imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2000 nchini Marekani, Firestone iliyaita kiwandani mamilioni ya matairi, mengi yakiwa ya magari ya Ford Explorer, baada ya ajali zilizoua watu zaidi ya 200 ambapo mpira wa juu ulibanduka gari likiwa kwenye mwendo. Kampuni hizo mbili zililaumiana sana. Upepo wa paundi 26 uliokuwa umependekezwa kwa gari hilo, joto, mzigo na mwendo vyote vilitajwa katika mabishano. Kwa mwenye gari wa Arusha fundisho ni moja: upepo mdogo na mzigo mkubwa juu ya lami ya moto humaliza tairi, na pia huweza kuliangusha gari.

Wamarekani na Wazungu wenye magari-nyumba, yale mabasi madogo yenye kitanda na jiko ndani, nao wana tatizo linalofanana: chasisi ya kazi iliyobebeshwa nyumba. Walio makini kati yao hulipima gari kila ekseli likiwa limejaa, kisha husoma jedwali la mtengenezaji wa tairi ili kujua upepo unaotakiwa kwa uzito huo. Hakuna kinachozuia jambo hilo kufanyika Arusha. Maghala ya nafaka na viwanda vina mizani ya malori, na safari moja ya kupima inatosha kwa gari moja kwa muda mrefu.

Wenye magari-nyumba hujua pia kwamba tairi huzeeka hata likiwa limesimama. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri kubadilisha baada ya miaka 6, na Michelin na Continental huweka kikomo cha miaka 10 hata kama kashata bado ni ndefu. Tairi la akiba lililokaa juani nyuma ya gari misimu mingi linaweza kung'aa kama jipya na likapasuka siku ya kwanza linapohitajika.

RATIBA NDIYO DEREVA WA KWELI

Sababu inayosahaulika kuliko zote iko kwenye karatasi ya ratiba. Kibali cha kuingia hifadhini hukaa saa 24. Ofisi inayotaka kubana gharama hupanga wageni waone kila kitu mpaka dakika za mwisho, kisha dereva awafikishe langoni kabla muda haujapita, la sivyo kampuni italipa tena. Kati ya Seronera na lango la Naabi zipo kilomita 45 hivi. Kikomo cha mwendo Serengeti ni kilomita 50 kwa saa. Dereva aliyepewa nusu saa hana hesabu nyingine isipokuwa kukanyaga mafuta.

Mwenda pole hajikwai, lakini mwenda pole huyu atadaiwa ada ya siku ya pili. Basi hukimbia, shokapu huchemka, na tairi hugonga jiwe ambalo kwa mwendo wa kawaida lingeonekana mapema. Ofisi iliyookoa ada hiyo imeilipa kwa mpira na chuma, isipokuwa malipo haya hayana stakabadhi, na kwa hiyo hayaonekani kwenye vitabu.

Kibaya zaidi, wapo wamiliki ambao tairi likipasuka humkata dereva posho yake. Huo ni uonevu, na pia ni biashara mbaya. Dereva anayejua kwamba atakatwa huficha tundu dogo, hutia kiraka kwa fundi wa njiani na kunyamaza, mpaka tundu dogo linakuwa tairi zima. Akilipwa kidogo kwa kila mwezi ambao daftari la upepo limejazwa vizuri, ataleta habari mapema. Geji nzuri na kompresa ndogo ya gari humwezesha kupunguza upepo kidogo kwenye changarawe, kwa kiasi ambacho mzigo unaruhusu, na kuurudisha kabla ya kukanyaga lami kule langoni. Bila kompresa ushauri huo ni maneno matupu, maana aliyepunguza hana pa kujaza.

HESABU KWA KILOMITA

Ili kuona ukubwa wa jambo, ichukuliwe mifano ya kufanyia hesabu tu, kwa kuwa bei hubadilika duka hata duka. Tairi la Sh 400,000 linalokwenda kilomita 40,000 hugharimu Sh 10 kwa kilomita. Tairi la Sh 600,000 linalokwenda kilomita 75,000 hugharimu Sh 8. La ghali ndilo rahisi. Lakini tairi hilo la ghali likiuawa na mzigo, upepo mdogo na alaimenti mbovu kwenye kilomita 35,000, gharama hupanda hadi Sh 17 na ushee. Limekuwa ghali kuliko lile la bei ya chini lililotunzwa.

Kwa matairi manne na kilomita 40,000 kwa mwaka, tofauti kati ya tairi zuri lililotunzwa na tairi zuri lililotupwa ni karibu Sh 1,460,000 kwa gari moja. Kwa magari kumi ni Sh milioni 14.6. Na hapo haijahesabiwa siku ambayo gari lilikwama porini katikati ya Agosti, gari la pili likatumwa kutoka Arusha, na wageni wakaenda kuwasimulia wenzao.

Wapo watakaosema kwamba serikali itengeneze barabara kwanza. Wana haki ya kudai hivyo. Kodi na ada wanazolipa si ndogo. Lakini kudai barabara hakumzuii mtu kupima upepo, na barabara ikitengenezwa kesho, gari lililozidishiwa mzigo litaendelea kula matairi juu ya lami.

Utaratibu wa matumizi uko wazi. Kwanza gari lipimwe uzito likiwa limejaa. Pili zitengenezwe bushi, bolijointi na beringi, kisha alaimenti ipimwe, kwa kuwa alaimenti juu ya vyuma vilivyolegea ni kazi bure. Tatu zitazamwe springi za nyuma kama zinaubeba uzito huo. Nne ununuliwe mpira wenye namba ya mzigo inayofaa na umri mdogo. Tano, baada ya hayo yote, zifungwe shokapu bora zinazolingana na springi hizo. Anayeanza na la tano huwa ananunua sehemu ya mwisho ya dawa na kuiacha ya kwanza.

Wauzaji wa shokapu hawatafurahi kuwekwa mwisho wa foleni. Hata hivyo, mteja aliyefuata utaratibu huu ataziona shokapu zao zikidumu na atarudi kununua tena kwa hiari yake. Na kabla ya lolote kati ya hayo, msimu ujao unapokaribia, mwenye kampuni aichukue ile ratiba ya Seronera na Naabi, amwongezee dereva saa moja. Saa hiyo haiuzwi dukani, na ndiyo spea ya bei nafuu kuliko zote zilizopo Arusha.